Nusu Ilale, Nusu Iamke

Daktari wa Temeke hakupandisha sauti.
Alichora sahani nyuma ya karatasi ya dawa,
akaigawa kwa kalamu, nusu nzima akaandika: mboga.
Wali akaubana pembeni, kama mpangaji
anayedaiwa kodi ya miezi mitatu.

Somoe aliikunja karatasi mara nne,
akaifunga kwenye pindo la kanga.
Njia nzima kimya. Tulipofika Mtoni
akasema: "Sasa mchicha bila ugali,
huo si mwiko bila sufuria?"

Sikumjibu. Nilikuwa naiwaza mizani.

Miaka kumi na tisa nilipima ufuta
kwenye ghala la Kurasini, gunia kwa gunia,
ufuta wa kwao, wa Lindi, wa Ruangwa, wa Nachingwea,
punje nyeupe zikivuja kwenye mshono,
zikiingia kwenye soksi, masikioni, kwenye chai.
Magunia yakipanda meli kwenda Japani
nami nikijiuliza: wanaupikia nini huko,
ufuta wote huu?

Akaja mkaguzi, Bwana Morita, mfupi, mpole,
mtu wa kunusa kiganja kabla ya kutia sahihi.
Siku moja ya mvua, malori yamekwama getini,
akaazima sufuria ya mama ntilie,
akanunua mchicha wa shilingi mia mbili,
akanijibu swali ambalo sikuwahi kumuuliza.

Jibu lenyewe ndilo napika leo.

Maji yatokote hasa, na chumvi ya vidole viwili.
Mchicha utangulize mashina,
miguu kwanza, kama mtu anayejaribu maji ya kuoga.
Hesabu hadi thelathini. Usipige soga.
Kisha beseni la barafu.
Barafu nimenunua kwa Mama Chausiku, muuza za ukwaju;
nilimwomba ya maji matupu, isiyo na sukari,
akauliza, kuna mgonjwa?
Nikasema yupo, ila usimwite hivyo.

Kamua. Kamua tena. Somoe anachungulia mlangoni:
"Unaukamua kama sare ya shule."
Lakini tazama, kijani kimebaki kijani,
si kile tulichozoea,
kilichochemshwa hadi kikakata tamaa.

Ufuta naukaanga mkavu,
moto mdogo, mkono hautulii.
Punje ya kwanza inaruka, ya pili inaifuata,
na harufu inatoka dirishani bila kuaga,
inapita juu ya uzio wa bati
hadi kwa fundi baiskeli, anayeinua kichwa.
Sasa kinu. Twanga, usifanye unga.
Bwana Morita alisema, kwa Kiswahili chake cha vipande:
"Nusu ilale, nusu iamke."

Soya sosi, kijiko kimoja.
Na hapa yeye alitia sukari.
Nasimama, kijiko cha sukari kiko hewani,
mkono wenye miaka arobaini ya chai tamu unasita,
unakirudisha koponi.
Nakamulia ndimu. Aniwie radhi Bwana Morita.

Somoe anakula amesimama.
Anatafuna polepole, kama anayesoma barua.
"Ufuta wa baba," anasema.
"Sisi tulipata ule wa kukung'uta mkekani,
magunia yakishaondoka.
Wa kashata, wa Idi, uliogandishwa kwa sukari.
Hivi, peke yake, sikuwahi kuusikia."

Anaongeza. Anaongeza tena.
Halafu, sikufichi, anaomba ugali,
kipande tu, cha kuagana.

Namkatia. Nakipima kwa jicho: gramu sitini.
Miaka kumi na tisa; jicho hili halikosei.
Nakigawa katikati,
nusu yake namwekea kando ya mchicha,
nusu nakula mimi, haraka,
kabla hajafungua lile pindo la kanga.