Viazi vya Kando ya Lami

Kaskazini mwa Newfoundland. Saa nzima
sijapishana na gari, ila ukungu,
na kulungu mmoja aliyenitazama kama ananidai.

Kisha, baada ya kona, shamba.
Shamba gani? Upana wa mikeka minne,
matuta yamechanwa kama nywele za mtoto wa shule.
Hakuna nyumba, hakuna ua, hata mbwa.
Mtu wa koti la manjano kainua mkono.
Nikampungia.
Alikuwa kijiti na ndoo.

Mwenye shamba akainuka kwenye mtaro, jembe mkononi:
Effie Pilgrim, wa ghuba ya pili kutoka hapa.
“Kwetu ni mwamba mtupu. Walipochimba barabara
udongo wakaumwaga huku. Tukaufuata.”

“Na wezi?”

Akacheka, akajishika kiuno.
“Mwaka juzi waliniibia ndoo mbili.
Kesho yake nikakuta chupa ya jemu juu ya tuta.”

Akalifunga koti kifungo kilichofunguka.
“Kila mtu humpungia Uriah,” akasema.
“Alipokuwa hai hakuwa mtu wa salamu.”

Alinipa viazi vitano, na matope yake.
Vinabiringika chini ya kiti kila nikikata kona,
nami nakwenda taratibu, jicho moja kando.