Malipo kwa Herufi

Afisi ilinipa ubao wa futi nane kwa nne,
makopo mawili ya rangi, nyeupe na samawati,
na karatasi yenye mhuri: NJIA ZA KUTOKA MALINDI.
Malipo, shilingi thelathini kwa herufi.
Nafasi kati ya neno na neno hailipwi.

Basi nikaanza kuyapenda majina marefu.
KAKUYUNI, mia mbili na arubaini,
nikaziviringa U zake mbili kama vikombe.
MAMBRUI, ng'ambo ya daraja la Sabaki, mia mbili na kumi.
GEDE imenipunja.
Na LAMU, herufi nne, safari ya kutwa,
na basi lenyewe halifiki: linakubwaga Mokowe
gatini, ukamalizane na maji.
Kilomita mia mbili na ushei kwa shilingi mia na ishirini!
Ghali kuliko yote ni UWANJA WA NDEGE,
ambao kutoka hapa kituoni ni mwendo wa miguu,
nami, mzaliwa wa Shela, sijapita geti lake
ila siku niliyowapakia kibao cha USIEGESHE.

Siku ya tatu, niko juu ya ngazi, nusu ya GARASHI,
mwanamke akasimama chini, mtoto mgongoni,
mguu mmoja wa mtoto una bendeji hadi gotini.
Hakusoma. Alisikiliza burashi.
"Kwa Dzombo umeiandika wapi?"
Nikashuka, nikaitazama karatasi. Kwa Dzombo haimo.
"Haimo kwa sababu haipo,
au haipo kwa sababu haimo?"
Wala hakuwa anatania.

Jina lake Nyevu. Jumanne na Ijumaa
humleta Mwaringa kuoshwa kidonda hospitali kuu.
Gari la kuja ni saa kumi na moja alfajiri, halina neno.
La kurudi, la mwisho, saa kumi jioni.
Kidonda huoshwa zamu ya mchana,
na zamu ya mchana humaliza saa kumi na nusu.
"Barabara ipo," akasema. "Lami ipo hadi Ganda.
Kisicho na lami ni ile nusu saa."

Nilirudi nyumbani, nikala, nikalala,
nikaamka na lile neno mdomoni.
Mimi najua kuipa herufi kivuli,
najua kuifanya S isianguke,
lakini nusu saa ina umbo gani?
Ina rangi gani, nusu saa
ya mtu aliyelala kwenye baraza ya duka la dawa,
mtoto juu ya leso, leso juu ya saruji,
akingoja gari la alfajiri limrudishe
alikotakiwa kuwa jana?

Nikaacha pengo.
Kati ya GANDA na GARASHI, upana wa kiganja changu,
samawati tupu.

Mkaguzi akaja na kalamu, Bwana Shekuwe,
mtu mwema, mwembamba,
akahesabu herufi moja moja akisogeza midomo.
"Hapa umeruka."
Sikuruka.
"Basi umepima vibaya."
Nikanyamaza. Akanikata shilingi mia moja,
*uharibifu wa nafasi*, akaandika hivyo hivyo.

Wapo waliosema pengo ni la reli itakayokuja.
Wapo waliosema mchoraji aliishiwa na rangi.

Jumatano ya pili nilipita pale kwenda kununua msasa.
Ndani ya pengo, kwa makaa,
mkono wa mtu mfupi aliyepanda kreti ya soda:
SAA KUMI NA NUSU. KWA DZOMBO. NANGOJA. KAHINDI.

Huyo Kahindi namjua, wa pikapu ya kijani.
Huja mjini na magunia, hurudi mtupu.

Nikazihesabu kwa mazoea: thelathini na sita.
Elfu moja na themanini,
ambazo hakuna afisi itakayomlipa.
Herufi zenyewe mbovu, N moja imegeuka nyuma.
Burashi nilikuwa nayo mfukoni.
Ile N nikaiacha.