Maji ya Mundu

Kivuko cha mbao kimetuvusha watatu na pikipiki moja.
Mto Sen umevimba mwezi huu,
umemeza ngazi tano za hekalu, umebakiza nne,
na juu ya ile ya nne bata wa Bibi Morn wamejilaza
kama wenye nyumba.

Sikuja kutalii. Kiwanda kimefungwa siku tatu
kwa sikukuu ya mizimu,
kucha zangu bado zina nyuzi za mashati ya watu nisiowajua,
na mama, ambaye magoti yamemsaliti,
amenifungia matonge saba ya wali wa kunata
katika jani la mgomba.
"Usile njiani," akasema.
Nimekula moja.

Mnara umepasuka katikati. Mti umeukumbatia
kwa namna ambayo huwezi kujua
nani anamshika nani asianguke.
Popo. Mkojo wa popo. Ubaridi wa matofali.
Mungu wa kike mlangoni hana kichwa,
kiliuzwa mbali usiku mmoja wa vita;
mtu amemfunga shingoni kitambaa cha miraba
asije akapata kikohozi.

Mlinzi Sarin anaongoza wageni wanne.
Anainama kwenye kizingiti, anaonyesha mifuo miwili
iliyolika ndani ya jiwe:
"Hapa yalipita maji matakatifu ya wafalme."
Wanapiga picha. Mmoja anagusa, anafumba macho.

Mimi kimya. Naujua mfuo ule wa kulia.
Babu Khleang alinoa hapo mundu wake kila mavuno,
kwaru, kwaru, na mama, mtoto wa miaka sita,
akimimina maji kwa kifuu.
Jiwe la mfalme halina haraka, babu alikuwa akisema.
Kisha ukaja mwaka ambao hata kijiko kilikuwa kosa.
Mundu ukaandikwa mali ya wote.
Babu naye akaandikwa,
akatumwa kuchimba mfereji.
Mfereji upo.

Hatuna kaburi. Hatuna picha.
Tuna mfuo huu, upana wa kidole gumba;
naweka changu, kinaingia sawasawa.

Wageni walipokwisha kushuka nikamkabili:
"Mjomba Sarin, mbona unawadanganya?"
Akavua kandambili, akachuchumaa,
akaupapasa mfuo wa pili, uliokwenda mshazari.
"Huu wa baba yangu. Alikuwa shoto."
Akanyamaza, akapuliza vumbi.
"Na nimedanganya nini? Maji hayakupita?"

Nikampa tonge. Hakula, akalilaza katika mfuo wake.
Nami nikaweka langu.
Bata mmoja akapanda, matope hadi magotini,
akaanza na la babu.
Hatukumfukuza.