Dang'a

Siku ya tatu Bouavanh yu kitandani, makaa chini yake,
mgongo umeiva, chakula wali na chumvi tu,
kama nilivyokula mimi, kama alivyokula mama.
Titi likatoa ute wa manjano.
Nikamwambia: kamulia chini, huo ni usaha.

Nami nikatafuna wali wa kunata
kwa meno manne yaliyobaki,
niufunge jani la mgomba, niuchome kidogo,
nimlishe mjukuu.
Hivyo niliwalisha sita.
Wawili wako kule nyuma ya mianzi.

Mkunga Chanthala akaja kutoka ng'ambo ya Mto Ou,
pikipiki na magoti, tope tupu.
Hakunifokea. Alichungulia chini ya sakafu,
akauliza ndama wa nyati wetu kazaliwa lini.
Juzi, nikasema.
"Na dang'a, mliimwaga?"

Nani amwage dang'a ya nyati!
Ndama asipoipata hasimami.
Nikalisikia neno langu likinitoka
na wali bado umejaa shavuni.

Bouavanh akampakata mwanawe.
Chuchu ikamponyoka mtoto. Akaitafuta. Akaipata.
Makaa yakapasuka.
Sikusema kitu.
Ule wali,
nikaumeza mwenyewe.