Kinachozidi

Mwanjelwa, ghorofa ya pili, juu ya duka la mbolea,
naunda ukurasa wa wakulima wa parachichi wa Masoko.
Dirishani, Loleza umekatwa mabega na ukungu.
Saa nne hii, na vidole bado havijapata joto.

Nimechora kisanduku: upana pikseli mia sita, kimo mia tatu.
Nikatia picha yao mbele ya mizani,
watu kumi na saba wenye viatu vya tope,
ikafurika pande zote
kama ndoo iliyosahauliwa bombani.
Nikaandika mstari mmoja tu:
kinachozidi, kifichwe.

Pakatulia. Ukingo ukanyooka kama upindo wa fundi mzuri.
Nikamtumia Ipyana, katibu wao.
Akapiga simu chai haijapoa:
"Bi Nsubile yuko wapi?"

Bi Nsubile, aliyetoa kipande chake cha kitalu
wakati wengine wakisema parachichi ni chakula cha nguruwe.
Alisimama mwisho kushoto, maana hapendi kamera.
Kisanduku kimembakizia kiwiko, na nusu ya kikapu.

"Hajafutwa," nikasema. "Yupo.
Picha imeshuka nzima, bando umeilipia
mpaka upindo wa khanga yake.
Dirisha tu ndilo dogo."
Kimya. Nikasikia mvua ya kwao ikipiga bati.
"Basi mwambie yeye hivyo."

Nikaliachia lifurike:
viatu vya mstari wa mbele vikalala juu ya bei ya kilo.
Nikaweka mtelezo wa kuburuta pembeni,
lakini nani huburuta? Mimi mwenyewe siburuti.
Nikaibana picha yote iingie,
nyuso zikawa punje za ulezi kwenye ungo.

Mwisho nikaisogeza kulia, asilimia kwa asilimia,
kama mtu anayemvuta mgeni mwenye haya karibu na moto.
Akaingia: kiwiko, bega, kilemba,
kisha jicho moja linalotazama kando.
Na upande wa pili, taratibu,
akatoka Ipyana na tai yake ya kuazima.

Nilimtumia bila maelezo.
Alikawia kujibu. Kisha: "Mimi sipo."
"Upo," nikaandika.
Nukta tatu zikacheza, zikazima, zikacheza.
"Acha hivyo hivyo."

Nikahifadhi.
Ukungu ulikuwa umeshuka hadi minara ya simu.
Mlima sikuuona siku ile,
wala sikuuulizia.