Safu ya Sababu

Mkuu, ajenda namba nne imeandikwa "utoro".
Naomba dakika tano, chai ikipoa ipoe.

Daftari la mahudhurio, Kidato cha Tatu B:
Masatu Bwire, wino mwekundu tangu tarehe tisa.
Safu ya sababu inanipa maneno matatu tu:
mgonjwa, ruhusa, mtoro.
Sioni pa kuandika
anaogopa njia ya chooni.

Mnaijua njia hiyo. Inapita kati ya majabali mawili,
pimbi wanapoota jua, sauti isipofika ofisini.
Hapo ndipo walipomvua shati, wakaliimba lile neno.
Neno lenyewe nililikuta kwenye dawati lake,
limechongwa kwa ncha ya bikari.
Nililisugua kwa msasa wa karakana hadi mbao ikawa nyeupe.
Jumatatu lilikuwa limerudi, kubwa zaidi.

Mwalimu Lugaila unauliza, "Kwani ni kweli?"
Mimi nafundisha fizikia.
Sikumuuliza hilo. Nilimuuliza kama amekula.

Na Nkwimba na Getruda wa bweni la Ukerewe:
barua yao ilisomwa mstarini, kwa kipaza sauti,
hata wauza dagaa wa barabarani wakatua beseni, wakasikiliza.
Mistari kumi na miwili.
Hamkuwa na tusi ndani yake.
Tusi lilikuwa kipaza sauti.
Getruda alihamishwa, sijui wapi.
Nkwimba yuko Igombe, anaanika dagaa,
yule aliyekuwa akinisahihisha vekta ubaoni.

Mchelea mwana kulia...
Usinimalizie methali, Matroni. Mwana analia tayari.

Najua sheria ipo. Najua wazazi wapo, na kamati, na kanisa pale juu.
Sikuombeni mkubali msichokubali.
Naomba taa moja njia ya chooni.
Naomba barua ya mtoto isisomwe na asiyeandikiwa.
Na neno lile likirushwa darasani, mwalimu asicheke.
Hili la mwisho najiomba mimi,
kwa kuwa mwaka juzi nilicheka,
na Masatu alikuwa safu ya mbele, ananitazama.

Kimya. Wadudu wa ziwa wamejaa kwenye kioo cha dirisha kama masizi.
Mtu anakoroga sukari iliyokwisha kuyeyuka.
Mkuu anatazama saa: ajenda namba tano, deni la mahindi.

Nami, chini ya meza, nalifungua daftari.
Kwenye safu ya sababu naandika: sisi.
Kwa penseli.
Wino bado sijaupata mkononi.