Mayai Sita Mpaka Braemar

Anaitwa Una, na mwaka mzima, kule dobi ya hoteli Aviemore,
nimeshindwa kuliita jina lake bila kungoja neno la pili.
Una... nini? Una zamu? Una sabuni?
Leo, saa kumi na moja alfajiri, misonobari ikiishia,
jina limepata mkia:
Una goti bovu, Una fimbo mbili,
Una mayai sita mabichi ndani ya kasha la karatasi.

Bibi wa bibi yake, anasema, aliyavusha hapa,
kapuni, kutoka Rothiemurchus hadi soko la Braemar,
maili karibu thelathini, akarudi na chumvi.
"Alibebaje?" "Kichwani," akajibu,
akigusa kofia yake ya sufu
kama aliyekumbuka uzito usio wake.

Nikavua skafu, nikasokota ingata
kama nilivyosokota Lushoto kwa ndoo ya maji,
na shingo, baada ya miaka kumi na minne
ya kuinamia mashuka ya wageni,
ikakumbuka kazi yake.

Milima haikutani, walisema.
Waliosema hawakufika Lairig Ghru.
Hapa miwili imesogeleana hadi kunusana,
imebakiza upenyo wa mtu na mzigo wake
na upepo, usiojua kupiga hodi.
Si mti, si kichaka cha kushika.
Mlima umenyolewa mpaka mfupa,
na mfupa wenyewe umevunjwa, ukamwagwa njiani:
mawe kama majokofu, kama makabati
yaliyotupwa nje na mtu anayehama kwa hasira.

Hapo nikashusha kasha, nikalikumbatia.
Una akapanda kwa mikono, kwa tumbo, kwa matako,
akitukana kwa lugha ya bibi yake,
ambayo kwake, alikiri, imebaki matusi na majina ya vilima.
Nikamwambia si haba.
Kisambaa changu kimebaki salamu.
Tukiunganisha, mtu atasalimiwa vizuri
kisha atatukanwa vizuri.

Kileleni.
Ila hapakuwa na kilele.
Nilitarajia bango, walau jiwe lenye kiburi.
Maji tu ndiyo yaliyobadili nia:
ya nyuma yetu yakielekea Spey,
ya mbele yakilala kwanza katika vidimbwi,
maangavu hata jiwe la chini
likawa karibu kuliko mkono wangu.
"Juu ndo hapa," akasema Una.
Ukungu ukafunga mlango wa mbele, ukafunga wa nyuma.
Tukala mkate na jibini kwa adabu,
kama tuliokaribishwa sebuleni na mwenyeji hayupo.

Akataka kujaribu.
Nikamwekea ingata, nikamwinua kidevu kwa kidole:
usitazame miguu, miguu ina akili zake.
Akaenda hatua nane. Nilihesabu.
Ya tisa, goti likakataa.
Kasha nililidaka, yai moja sikuliwahi;
likapasukia jiweni, kiini kikatuna, cha njano,
jua pekee tuliloliona siku ile.
Hakuna aliyesema pole.
Tulicheka mpaka kwale wa kijivu,
aliyekuwa jiwe muda wote huo,
akaruka.

Kushuka hakusimuliwi.
Kibanda cha Corrour, tope, daraja, tope,
nyayo zangu zikiwaka ndani ya viatu vya kuazima,
misonobari ikirudi mmoja mmoja
kama wajumbe waliochelewa mkutano,
na usiku wa Juni umesahau kuleta giza.

Struan, mwanawe, alitungoja na gari Linn of Dee.
Akafungua kasha, akahesabu.
"Matano. Na soko, mama, lilishafungwa
kabla bibi yako hajazaliwa."
Una hakujibu. Alikuwa amelala, mdomo wazi,
ingata yangu bado kichwani.

Tukayakaanga usiku uleule, jikoni kwa Struan,
mwanamume aishiye peke yake na haradali.
Chumvi tulikuwa tumeiacha
upande wa pili.